Hiyo pepa ni ya nchi gani?

Mwezi wa pili 2024 jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya R21, ile iliyobuniwa na watu wa Oxford na kuzalishwa na Serum Institute ya India. Watoto zaidi ya 4,800, vituo vitano, nchi nne: Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Kituo cha Kenya ni Kilifi, cha kwetu ni Bagamoyo, chini ya Dkt. Ally Olotu wa Taasisi ya Afya Ifakara. Sasa nauliza, hiyo pepa ni ya nchi gani? Maana kila mwaka kuna mtu sehemu fulani anakaa kwenye kompyuta kuhesabu Tanzania imetoa makala ngapi za sayansi, na hiyo moja lazima aiweke mahali.

Jibu linalotumika kwenye ripoti nyingi mnazoziona ni kwamba ni ya wote. Tanzania moja, Kenya moja, Burkina Faso moja, Mali moja, Uingereza moja, India moja. Pepa moja imezaa sita. Hakuna aliyeiba kitu hapo, ni namna tu ya kuhesabu, tuiite hesabu nzima: jina moja tu la mtu wenu likionekana kwenye orodha ya waandishi, nchi inapewa 1 yote. Ni kama michango ya harusi, kila aliyetoa elfu kumi anatembea kifua mbele kwamba sisi ndo tumemwozesha yule kijana. Ukijumlisha nchi zote za dunia unapata pepa nyingi kuliko zilizopo duniani, na asilimia zinapita 100, ila nani anajumlisha.

Njia ya pili ni ya mafungu. Pepa ni 1, haizidi 1, mnagawana. Na hapa napo kuna ugomvi wa mnagawanaje. Tuseme (namba za kubuni hizi, nataka mwone hesabu tu) pepa ina waandishi 40 kutoka nchi 6, na watatu kati yao wana anwani za Tanzania. Ukigawa kwa nchi, kila nchi inapata moja ya sita, yaani kama 0.17. Ukigawa kwa vichwa, Tanzania inapata 3 kwa 40, yaani 0.075. Ukisema mwandishi wa kwanza ndo achukue yote, na wa kwanza yuko Uingereza, Tanzania inaondoka na 0. Kwa hiyo pepa ileile, watu walewale, jasho lilelile, Tanzania inaweza kuwa na 1, au 0.17, au 0.075, au patupu, na zote nne ni hesabu halali zinazotumiwa na watu wenye akili zao kwenye ripoti za kweli.

Haya mambo nayajua kwa sababu yananilisha, niko ofisi ya utafiti ya chuo kimoja hapa nchini na sehemu ya kazi yangu ni kukusanya orodha ya machapisho ya mwaka. Kwa hiyo mkiona naandika kwa uchungu kidogo mjue nimekaa sana na zile eksel.

Na msidhani ni tatizo la nchi ndogo tu. Mnakumbuka 2018 magazeti ya dunia yalivyopiga kelele kwamba China imeipita Marekani kwa wingi wa makala za sayansi? Ile ilitoka kwenye ripoti ya Wamarekani wenyewe, shirika lao la taifa la sayansi, wakitumia data za Scopus (hifadhi kubwa ya kumbukumbu za makala za sayansi) za mwaka 2016: China makala kama 426,000, Marekani kama 409,000. Ambacho vichwa vingi vya habari havikusema ni kwamba hiyo ilikuwa hesabu ya mafungu. Ukichukua mwaka uleule ukahesabu kwa hesabu nzima, Marekani bado alikuwa mbele. Na sababu ni ushirikiano wenyewe. Marekani anaandika na kila mtu, Wachina wenyewe wakiandika na mgeni mara nyingi mgeni huyo ni Mmarekani, kwa hiyo kwenye hesabu nzima anavuna 1 kila shamba alilogusa. Ukimlazimisha agawane anapungua haraka kuliko China, ambayo sehemu kubwa ya makala zake zimeandikwa na Wachina watupu. Yaani tarehe ya China kumpita Marekani inategemea unahesabuje, na hiyo ni habari kubwa kuliko habari yenyewe.

Wajapani nao, wana taasisi yao ya sera za sayansi inaitwa NISTEP, 2022 wakatoa kwamba hata kwenye zile makala asilimia 1 zinazonukuliwa zaidi duniani (yaani watafiti wengine wanazitaja zaidi kwenye makala zao), China ina asilimia 27.2 na Marekani 24.9, wastani wa miaka 2018 hadi 2020. Mafungu tena. Sisemi wamedanganya, mimi binafsi naona kwa kupima nchi kubwa mafungu ni sawa zaidi. Nasema tu ukisoma namba kama hiyo bila kujua imehesabiwaje ni sawa na hujasoma.

Halafu kuna wanafizikia, hao ndo wanavuruga kila kitu. Mwaka 2015 timu mbili za CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, ATLAS na CMS, zilitoa pepa ya pamoja ya kupima uzito wa chembe ya Higgs, waandishi 5,154. Kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni majina ya watu na vyuo vyao. Morocco iko ATLAS, Afrika Kusini iko ATLAS. Chuo chenye watu wawili watatu pale kinapata kila pepa ya timu nzima, nyingi kila mwaka, na zinanukuliwa kama njugu. Wale wa Times Higher Education wanaopanga vyuo ilibidi 2015 waziondoe kabisa pepa zenye waandishi zaidi ya 1,000, zilikuwa 649, mwaka uliofuata wakazirudisha kwa sharti kwamba chuo kinapata fungu lake lakini si chini ya asilimia 5. Asilimia 5 imetoka wapi? Walikaa wakakubaliana. Hizi namba nyingi tunazoziogopa ziko hivo, watu walikaa mezani wakakubaliana.

Sasa turudi nyumbani, maana huku ndo njia ya kuhesabu inauma kweli. Mwaka 2014 Benki ya Dunia pamoja na Elsevier (kampuni ya kuchapisha majarida, hao ndo wenye Scopus) walitoa ripoti ya utafiti wa Afrika kusini mwa Sahara, wakaonyesha kwamba mwaka 2012 sisi wote kwa pamoja hatukufika hata asilimia 1 ya makala za dunia. Hilo wengi mnalijua. Ambalo halisemwi sana ni hili: kwa Afrika Mashariki, asilimia 70 ya hizo makala ziliandikwa pamoja na watu wa nje. Afrika ya kusini ukiitoa Afrika Kusini yenyewe ilikuwa 79. Afrika Magharibi na Kati 45. Kwa hiyo mtu akikwambia machapisho ya Afrika Mashariki yameongezeka, jua anaongelea kwa sehemu kubwa machapisho ya ushirikiano, na akihesabu kwa hesabu nzima anatupa 1 kwenye kila moja hata pale tulipokuwa na mtu mmoja katikati ya watu thelathini.

Marekani na China kubadilisha njia ya kuhesabu kunawabadilishia nafasi ya kwanza na ya pili. Sisi kunatubadilishia kama tuna sayansi au hatuna. Chukua nchi kama Gambia, ambako utafiti mwingi wa afya unapitia kituo cha MRC, baraza la Waingereza la utafiti wa tiba, kilichoanza 1947, au Panama ambako Smithsonian ya Marekani ina taasisi kubwa ya utafiti wa misitu na bahari ya tropiki. Ukizipima hizo kwa hesabu nzima, hasa ukiangalia wastani wa kunukuliwa, zinang'aa mpaka unashangaa. Ukihamia mafungu, taa inapungua sana.

Na kuna kitu kimoja ambacho hata mafungu hayakitibu, nacho ni kwamba mashine haioni pasipoti, inaona anwani. Angalia Kilifi, ule mpango wa KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome (mfuko wa Uingereza) ulioanza 1989. Mtafiti wa pale, Mkenya, mzaliwa wa Malindi tuseme, mara nyingi akiandika pepa anaweka anwani mbili, Kilifi na Oxford, kwa sababu ni kweli yuko kote kuwili kimkataba. Mafungu yanamkata katikati, nusu Kenya nusu Uingereza, wakati mwili wake wote uko Kilifi na anakula samaki wa Kilifi. Mwingereza aliyekaa pale miaka mitatu akaweka anwani ya Kilifi peke yake, huyo ni Kenya nzima. Ifakara na Basel vilevile, Waswisi wako Ifakara toka miaka ya 50 na watu wamechanganyikana, wameoana kikazi, huwezi kuwatenganisha kwa kisu. Na mjukuu wetu aliyeko Boston anayefanya kazi nzuri kabisa ya kifua kikuu, huyo ni Marekani, kwisha. Mimi sioni kosa kwenye hilo la mwisho, nchi inayomlipa ndo inayomhesabu, ila tusijidanganye kwamba "sayansi ya Tanzania" kwenye jedwali maana yake ni Watanzania.

Afu anwani zenyewe zinaandikwa ovyo jamani. Chuo kimoja kinaandikwa majina sita tofauti, mwingine anaweka jina la hospitali akasahau la chuo, mwingine anaweka sanduku la posta na mji bila taasisi. Kila jina lililokosewa ni fungu linaelea angani. Wadau wa vyuoni mnaosoma hapa, naomba sana, jina la chuo liandikeni kama lilivyo kwenye barua rasmi.

Sasa suala la nani anashika usukani. Mafungu ya vichwa yanadhani watu 40 wamefanya kazi sawa, na kila mtu aliyewahi kuandika pepa anajua huo ni utani. Kwenye afya nafasi zenye maana ni mbili, ya kwanza na ya mwisho. Wa kwanza ndo aliyeandika, wa mwisho ndo bosi na mara nyingi ndo mwenye hela. Mwaka 2019 kwenye jarida la BMJ Global Health kulitoka uchunguzi wa makala zaidi ya 7,000 za utafiti wa afya uliofanyika Afrika, za 2014 mpaka 2016. Waandishi wa kwanza kutoka nchi iliyofanyiwa utafiti walikuwa asilimia 52.9. Si mbaya, nusu na kitu. Lakini ukichukua zile ambazo ndani yake kuna mtu kutoka vyuo vikubwa kabisa vya Marekani, ile 52.9 inaporomoka mpaka 23.0. Na makala asilimia 13.5 hazikuwa na mwandishi hata mmoja wa nchi husika, hata wa katikati, yaani watu walikuja, wakachukua damu au takwimu, wakaondoka, hata jina la kupozea hakuna. Hizo kwenye hesabu yoyote ile sisi ni 0, nzima 0, mafungu 0. Angalau hapo hesabu zote zinakubaliana.

Sheria zetu kwa sehemu zimejaribu kuziba hilo. Ukitaka kufanya utafiti Tanzania unaomba kibali COSTECH, Kenya unapita NACOSTI, Uganda UNCST, na mgeni anatakiwa awe na mwenyeji wa kushirikiana naye. Nzuri, nakubaliana nayo. Ila imezaa aina fulani ya mwandishi wa katikati, yule wa namba 14, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa ni kufuatilia kibali na kutafuta gari la kwenda fildi. Kwenye hesabu nzima huyo anaiingizia nchi 1 sawasawa na profesa aliyebuni utafiti kutoka mwanzo. Kwenye ripoti za vyuo vyetu huwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo unaweza kusema basi tuhamie mafungu tumalize. Hapana, mafungu yana ubaya wake. Ukimwambia mtafiti kwamba akiandika peke yake anapata 1 na akiandika na wenzake watano anapata 0.17, umemfundisha kujifungia. Na kuna kazi ambazo haziwezekani kwa kujifungia. Hiyo R21 usingeweza kuifanya Bagamoyo peke yake, unahitaji sehemu ambako malaria ni ya msimu kama Mali na sehemu ambako ni ya mwaka mzima, unahitaji kiwanda, unahitaji hela ambayo serikali zetu hazitoi. (Viongozi wa Afrika waliahidi zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tuendelee.)

Wanorwe walipata suluhisho ambalo nalipenda kwa jinsi lilivyo la kihesabu kabisa. Kwenye mfumo wao wa kupima vyuo, marekebisho ya 2015 yaliweka kwamba unachukua fungu la chuo kwenye pepa, unalitafutia kipeuo cha pili, halafu kama kuna mshirika wa nje ya nchi unazidisha kwa 1.3. Yaani chuo chenye robo ya waandishi hakipati 0.25, kinapata 0.5, na kwa ushirikiano wa nje kinafika 0.65. Ni njia ya katikati, chuo hakikunyimwa wala hakikupewa yote. Hata hiyo 1.3 walikaa mezani wakakubaliana, kama ile 5 ya wenzao, lakini angalau walijua wanataka nini: watu washirikiane bila kudanganyana kwamba kila mshiriki kafanya kazi yote.

Maana watu wakijua unavyohesabu, wanacheza nayo. Mwaka 2011 jarida la Science liliandika jinsi vyuo vya Saudi Arabia vilivyokuwa vinawapa wanasayansi maarufu wa nje mikataba minono ya kazi ya muda mfupi, wakati mwenyewe yuko kwake Marekani au Ulaya, ilimradi tu aongeze jina la chuo cha Saudia kwenye anwani zake. Nchi inapanda kwenye orodha bila kujenga maabara hata moja. Mwaka 2023 chuo cha Córdoba, Hispania, kilimsimamisha kazi mkemia wake mmoja kwa miaka 13 kwa ishu hizohizo za kujiandikisha kuwa ni wa chuo cha Riyadh, Saudia, wakati ajira yake ya kudumu iko Córdoba. Miaka 13! Na kwetu wizara ya elimu ilitangaza zawadi ya shilingi milioni 50 kwa watafiti wa Kitanzania wanaochapisha kwenye majarida ya juu kabisa duniani, na mimi wazo langu la kwanza kusikia hilo halikuwa pongezi, lilikuwa, je wa namba 14 naye? Akili ya ofisini imeniharibu.

Kingine ambacho watu wanakisahau: hizi asilimia 70 zinatoka kwenye Scopus, na majarida yetu mengi ya nyumbani hayamo humo. Mwalimu wa Kiswahili anayeandika peke yake makala nzito kwenye jarida la hapa, au mtu wa kilimo anayechapisha jarida la chuo chake, haonekani. Anayeonekana ni yule aliyechapisha kwenye jarida la nje, na njia rahisi ya kufika kule, tuseme ukweli, ni kuwa na mshirika wa nje anayelipia ada ya uchapishaji. Kwa hiyo kipimo kinachuja kwanza wale walioshirikiana na wazungu, halafu kinatuambia mnashirikiana sana na wazungu. Ushirikiano ni mkubwa kweli, sikatai, lakini sehemu ya ukubwa huo imetengenezwa na chujio.

Mimi nikipewa orodha ya nchi sasa hivi sifanyi ubishi wa ipi ni hesabu sahihi, nazichukua zote mbili naangalia pengo. Nature Index, orodha ya watu wa jarida la Nature, wanarahisisha hilo kwa sababu wanatoa namba mbili kwa kila nchi, moja nzima na moja ya mafungu. Nchi ambayo mafungu yake ni nusu au zaidi ya ile nzima, hiyo inafanya kazi zake yenyewe na inaalika wengine. Nchi ambayo nzima ni kubwa na mafungu ni chenji, hiyo inaalikwa. Kualikwa si aibu, wote tunaanzia kualikwa, Korea Kusini haikuanza na kila kitu. Ninachotaka kuona ni kama pengo linapungua mwaka hadi mwaka, na hicho hamna ripoti ya chuo chetu wala ya jirani inayokionyesha, wanaandika tu jumla ya machapisho na mshale wa kijani kwenda juu. Nimependekeza ofisini tuongeze safu kwenye ile fomu: fungu letu ni kiasi gani, wa kwanza ni wetu au la, wa mwisho ni wetu au la, nani alitoa hela. Nikaambiwa ni wazo zuri. Wanaofanya kazi serikalini mnajua hiyo sentensi maana yake nini.

Na ningeongeza safu moja zaidi, ya jirani. Ripoti ileile ya Benki ya Dunia ilionyesha kwamba makala za Afrika Mashariki zilizoandikwa na Waafrika wa nchi tofauti bila mtu wa nje ya bara na bila Afrika Kusini zilikuwa asilimia 2 tu. Mbili dhidi ya sabini. Mwanza na Kisumu wanatazamana ziwa moja, sangara wale wale, magugu maji yale yale. Na cha ajabu kazi ya pamoja ipo: wataalamu wa samaki wa Tanzania, Kenya na Uganda, chini ya shirika la uvuvi la Ziwa Victoria lililoko Jinja, toka 2000 wanahesabu wavuvi, mitumbwi na nyavu kwa pamoja ziwa zima, na wanapima samaki kwa mitambo ya sauti kwa meli. Ni sayansi ya nchi tatu, imeendeshwa na wenyewe. Ila matokeo yake mengi yanatoka kama ripoti za shirika, si makala za jarida, kwa hiyo kwenye yale majedwali sehemu kubwa ya kazi hiyo si 1, si 0.33, haipo.